Fundi Mwenye Simu Kavu

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alikuwa anamjaribisha nesi sare yake mpya ya kazini, pini tatu mdomoni na chaki mkononi, simu ya nesi ikaita. Nesi akaipokea kama watu wote walivyokuwa wakipokea siku hizo: kwanza kitambaa cha taulo begani, halafu simu juu ya kitambaa, halafu kichwa kikalazwa upande ili maji yashuke kwa njia moja. Akaongea na dada yake habari za baba yao aliyekuwa mgonjwa, dakika nne hivi. Maji yakamtoka sikioni, yakalowesha kitambaa, yakapita, yakaingia kwenye kola ambayo fundi alikuwa ametoka kuipiga pasi sasa hivi.

"Nesi, kola hiyo," fundi akasema, pini zikiwa bado mdomoni.

"Ningefanyaje? Mzee kaanza kula. Lazima nijue kala nini."

"Na wao wajue kala nini."

"Wajue! Kala uji. Waandike uji, wapige na muhuri."

Wakacheka kidogo, si sana. Maji hayo yalikuwa na miezi saba. Yalianza pale mkongo mpya wa mawasiliano ulipovutwa kutoka baharini, waya mnene kama paja la mtu mzima, ukapitishwa chini ya mchanga na kuingizwa kwenye jengo lisilo na madirisha nyuma ya maghala. Simu zote za mji zikawa zinapita humo kabla ya kwenda zinakokwenda. Wiki ya kwanza zilisikika vizuri kuliko zamani na watu wakafurahi. Wiki ya pili zikaanza kutoa maji ya bahari kwenye kile kitundu cha kuwekea sikio, na hazikupita siku tatu watu wakawa wameshaelewa: simu inayosikilizwa na wale wa kwenye jengo hutoa maji, isiyosikilizwa haitoi. Hakuna aliyewatangazia. Walijua tu, kama mtu anavyojua akiwa ndani kwamba nje mvua imeanza.

Wizara ilisema ni unyevunyevu wa hali ya hewa, ikawashauri wananchi waongee kwa kifupi. Maofisini wakaweka ndoo chini ya meza. Benki ikabandika tangazo kwamba sakafu inateleza. Mafundi simu walianza kwa kufukia simu kwenye mchele ili zikauke, baadaye wakaacha, maana ilikuwa kazi bure na mchele ulikuwa unaharibika. Na fundi wetu huyu akaanza kushona vitambaa vya masikio, vya taulo, vyenye kamba ya kufungia begani. Vilisifiwa mtaa mzima kuliko magauni yake. Magauni yake yalijulikana kwa kuchelewa. Vitambaa havikuchelewa.

Yeye mwenyewe hakuwa na haja navyo. Simu yake ilikuwa kavu.

Mwanzoni alidhani ni bahati. Baadaye akaona si jambo la kufurahia. Watu walikuwa wameanza tabia ya kugusana sikio wakati wa kusalimiana. Unashika mkono wa mwenzio, unamuuliza habari za nyumbani, na vidole vya mkono wako wa pili vinapita sikioni mwake taratibu, kama unayemtoa uzi. Ukikuta unyevu, mazungumzo yanaendelea. Ukikuta pakavu, mnaongea habari za jua kali, halafu kila mtu anakumbuka amebandika kitu jikoni. Walikuwa wanasema mtu akiachwa bila kusikilizwa sababu ni moja tu: yeye ndiye wa upande wa wasikilizaji.

Kwa hiyo kila asubuhi fundi alikoroga chumvi vijiko viwili kwenye nusu glasi ya maji, akajipaka sikio, akalowesha kitambaa na kukifunga begani. Alifanya hivyo mwezi mzima na hakuna aliyeshtukia, mpaka Jumatatu hiyo, alipopiga goti kurekebisha pindo la sare, na nesi akaweka mkono kwenye bega lake ili asiyumbe.

"Fundi, kitambaa chako kimetoa unga."

"Vumbi la chaki hilo."

Nesi akasugua vidole vyake, akavionja.

"Hii chumvi ya jikoni."

"Ya jikoni vipi?"

"Mimi nasafisha vidonda kwa maji ya chumvi kila siku ya Mungu, nitashindwa kuijua? Maji ya simu hayakauki haraka hivi, wala hayawi meupe. Yanabaki yananata, yananuka chini ya bahari." Akamgusa sikio, safari hii waziwazi. "Fundi. Simu yako kavu."

Fundi akatema pini kiganjani, moja, ya pili, ya tatu. Nesi akavua sare na pini zake, akavaa gauni lake, akachukua mfuko.

"Na mdogo wako je?" akasema akiwa mlangoni. "Nilikuwa nakuonea huruma, nakuombea. Kumbe aliyemuuza ni wewe mwenyewe."

Kufika saa sita mchana wateja watatu walikuwa wamekuja kurudishiwa vitambaa vyao vya nguo. Mmoja chake kilikuwa kimeshakatwa mikono. Akachukua na mikono.

Mdogo wake fundi alikuwa mwalimu wa hesabu. Miezi miwili iliyopita waziri alikuja kuongea na walimu ukumbini, akauliza kama kuna swali. Mwalimu akasimama, akauliza haya maji ni ya nani. Hakuuliza zaidi ya hapo. Waziri akajibu kuhusu madawati. Kesho yake mabwana wawili walifika shuleni, wakaketi ofisi ya mwalimu mkuu na kusema wana muda, watamsubiri amalize kipindi. Yeye akamaliza kipindi, akatorokea dirishani, na hakuonekana tena mjini.

Alikuwa hai. Aliyejua hilo ni dada yake, fundi, peke yake. Kila Alhamisi saa kumi jioni simu ya fundi iliita, kila mara namba tofauti, simu ya kuomba kwa mtu. Walikuwa wanaongea dakika mbili. Hakumtajia alipo, na fundi hakumuuliza. Alimchagua dada yake kwa sababu simu yake ilikuwa kavu. Ndiyo maana fundi alivumilia kujipaka chumvi, na ndiyo maana Jumatatu ile hakujitetea kwa nesi. Angejiteteaje? Kusema kwa nini anaihitaji simu kavu ilikuwa sawa na kumtoa mdogo wake alikojificha.

Na walikuwa na makubaliano mengine, aliyoyaweka mwalimu mwenyewe. "Nikipiga mara tatu bila wewe kupokea," alisema, "najua wamekuchukua wewe badala yangu. Nakuja mwenyewe, dada. Usibishane na mimi." Fundi alibishana naye. Haikusaidia. Tangu utotoni akishasema jambo alikuwa kama msumari uliopigiliwa.

Jumanne jioni, mumewe aliporudi kutoka kazini na kunawa mikono, fundi alimwekea chakula, akakaa mbele yake bila kula.

"Kwa nini simu yangu kavu?"

Mumewe alifanya kazi kwenye jengo lile lisilo na madirisha. Alikuwa fundi wa pampu: yale maji yaliyobaki ndani yalipaswa kurudishwa baharini kila baada ya saa nne, la sivyo mitambo ingeoga. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kazi hiyo. Akatafuna, akameza.

"Kila mfanyakazi alipewa namba moja ya kutoa kwenye orodha," akasema. "Ni haki ya kazi, kama sare na viatu. Wengi waliandika wake zao. Mmoja aliandika wa pembeni, mkewe akaanza kulowa, ikawa kesi nyingine."

"Hukuniambia."

"Nilitaka uwe na amani."

"Na mama? Kwa nini hukumwandika mama yako?"

"Alikataa."

"Nilikataa!" Mama mkwe akadakia kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. Yeye alikuwa na kitambaa kila bega na beseni miguuni, maana alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. "Nimezaa sita. Hakuna hata mmoja anayeningoja nimalize ninachosema. 'Mama nakupigia baadaye, mama niko barabarani.' Hawa wenzetu wananisikiliza mpaka mwisho na hawajanikatia hata siku moja. Juzi nilimwambia shoga yangu habari za goti, nikawaambia na wao, nyinyi wa humo ndani mnaokaa kutwa, nanyi chungeni magoti."

"Haya, mama," mumewe akasema. Kisha akaweka kijiko chini. "Ile fomu ilikuwa na mstari wa pili. Ukiitoa namba, basi wewe mwenyewe unaandika kila Ijumaa mwenye namba hiyo kaongea nini."

Fundi akamtazama.

"Na unaandika?"

"Naandika."

"Unaandika nini?"

"Naandika umemwambia mteja nguo bado vifungo. Miezi saba naandika vifungo. Bosi kaniuliza hiyo nguo ni ya jitu gani."

Mama mkwe akacheka peke yake, akaacha.

"Na Alhamisi?" fundi akauliza polepole.

"Alhamisi saa kumi niko kazini," mumewe akasema, akiangalia sahani. "Sijawahi kukuuliza anayepiga ni nani. Umeshawahi kuniona nakuuliza?"

"Hapana."

"Basi. Leo bosi kaniita, kaniuliza habari za shemeji. Nikasema sina habari zake. Akasema sawa. Akaichukua fomu yangu kutoka upande huu wa meza, akaiweka upande ule."

Hakuhitaji kumweleza zaidi. Fundi akainuka, akaingia chumbani na simu, akatafuta namba ya Alhamisi iliyopita. Walikubaliana asizipigie kamwe namba hizo, lakini alihesabu kwamba usiku huo simu bado ni kavu na kesho huenda isiwe. Akapiga. Akapokea mwanamke mmoja, nyuma yake msumeno unalia. Kijana aliyeazima simu wiki iliyopita? Alimkumbuka kwa mbali. Aliazima, akashukuru, akaenda zake. Hapana, hamjui jina. Fundi akamshukuru, akakata, akajipangusa sikio. Lilikuwa kavu bado.

Jumatano saa tatu asubuhi mteja wa mwisho aliyebaki akapiga simu kuulizia blauzi, na tone la kwanza likaanguka kwenye meza ya cherehani. Fundi akalitazama likitanda kwenye mbao. Kisha yakaja mengine kwa mfululizo, ya baridi, yananuka chini ya bahari. Akamwambia mteja blauzi iko tayari, kwa sauti ya kawaida, akatandika taulo.

Mchana wake mabwana wawili walifika kwa fundi viatu aliyekuwa ng'ambo ya barabara, wakaomba viti. Walikaa hadi jioni wakitazama mlango wa fundi cherehani. Walivaa mashati mazuri, mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, na hakuna aliyekuwa na kitambaa begani. Mmoja alipigiwa soli mpya. Alhamisi asubuhi wakarudi, na viatu vile vile vikatolewa soli, vikapigiwa tena.

Fundi hakulala vizuri, na hesabu yake ilikuwa moja kila alivyoipiga. Akipokea simu saa kumi, mdogo wake atasema "Dada", na sauti yake itaingia kwenye jengo pamoja na kila atakalosema. Asipopokea, mwalimu atapiga mara tatu, atafunga safari, na atapita hapo mbele ya wale wenye viatu. Akiizima simu ni sawa na kutopokea. Alijaribu kwenda kwa nesi, kuomba tu mtu wa kushauriana naye, akabisha hodi, akasikia kiti kinasogezwa ndani na kisha kimya. Mlango haukufunguliwa.

Saa tisa na nusu akampigia magoti mama mkwe wake, akamweleza yote kwa kunong'ona.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa geni kwake. Kisha akafungua kamba za vitambaa vyake na kuzikaza upya, kama mtu anayejiandaa kufua.

"Nipe mimi."

"Mama, akisikia sauti yako..."

"Akisikia sauti yangu atanyamaza. Anamtaka dada yake, atasikia bibi kizee, atafunga mdomo. Yule kijana si mjinga, ni mwalimu. Akinyamaza mimi nitaongea. Kuongea ndiyo kazi yangu."

"Mama, usimtaje. Usiseme mwalimu, usiseme shemeji. Usiseme hata mwanangu."

"Wewe shika beseni."

Saa kumi juu ya alama simu ikaita. Namba ngeni. Fundi akaiacha iite mara mbili, akampa mama mkwe, akashika beseni kwa mikono miwili chini ya kidevu chake.

"Haloo!" mama mkwe akasema kwa nguvu, kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kusema. "Fundi hayupo. Mimi namshikia simu tu. Kama ni gauni, halijaisha, wala usilisubiri, huyu hamalizi nguo ya mtu, watu wote wameshachukua vitambaa vyao."

Upande wa pili kimya. Pumzi tu. Maji yakaanza kushuka, mengi kuliko ya mazungumzo ya kawaida, yakigonga beseni.

"Nakushauri kama mzee. Tafuta fundi mwingine, na usitafute mji huu. Nenda mbali. Na usije hapa kugombana naye, maana hapo mlangoni kuna wateja wawili tangu jana wamekaa, wamekasirika, hawaondoki mpaka wakukute... wakute nguo zao."

Fundi akakaza mikono kwenye beseni. Mama mkwe naye alisikia alivyoteleza, lakini hakusimama, aliendelea kama gari lililoteremka mlima.

"Yeye mzima. Hana ugonjwa. Anakula. Ni uvivu wa kazi tu. Kwa hiyo usipige tena, unapoteza salio lako. Umenisikia? Kama umenisikia kata."

Pumzi ikakaa kidogo. Kisha simu ikakatwa.

Beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Fundi alilipeleka uani kwa hatua ndogondogo, akalimwaga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia bila sauti. Mama mkwe akamfuata mlangoni.

"Nimesema neno gani? Sikusema kitu. Wameandika gauni."

Ilipofika saa kumi na nusu fundi alichungulia. Mabwana wawili walikuwa wamesimama. Mmoja aliongea kwenye simu, sikio lake kavu, akaitikia mara tatu, akamnyang'anya fundi viatu kiatu chake, gundi ikiwa bado mbichi, akakivaa. Wakaondoka kwa haraka bila kuangalia nyuma. Fundi akaona amani inamwingia taratibu. Akawasha pasi. Alikuwa na blauzi moja ya kumalizia.

Mumewe alirudi saa kumi na mbili, akakaa bila kunawa.

"Wamempata," akasema.

Fundi akaiweka pasi mezani.

"Hakusema hata neno moja," mama mkwe akasema. "Nilikuwepo mimi!"

"Hawakuhitaji neno, mama." Mumewe alikuwa anatazama viganja vyake. "Mimi niko chini, kwenye maji. Kumbe maji hutoka kwenye maneno tu. Ghorofa ya juu wako wengine, hao hawasikilizi mtu, wanaandika namba. Nani kampigia nani, saa ngapi, akiwa wapi. Namba hazitoi maji. Leo ndiyo nimepandishwa huko, nikaonyeshwa karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya simu yako. Tangu siku ya kwanza, hata ilipokuwa kavu. Alhamisi zote ziko pale, saa kumi, simu za watu tofauti, na zote zimepigwa karibu na geti la kiwanda kimoja cha mbao. Walikuwa hawana uhakika, kiwanda kile kina watu wengi. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Halafu Jumanne wewe mwenyewe ukapiga pale."

Pasi ilikuwa inaunguza kona ya meza. Mama mkwe ndiye aliyeinyanyua.

"Alikuelewa, mama," mumewe akasema baadaye kidogo. "Alipokata simu alikwenda moja kwa moja kufunga mfuko. Walimkuta getini nao begani."

Jumamosi nesi alikuja. Habari zilikuwa zimeshaenea. Alisimama mlangoni na sare yake mkononi, bado ina pini, akampa fundi mkono, na vidole vya mkono wa pili vikapita sikioni mwake. Vikakuta maji.

"Pole sana, fundi."

"Ahsante."

"Nilikufikiria vibaya."

"Vua viatu, panda kwenye kigoda, tumalizie pindo," fundi akasema.

Wateja wote walirudi ndani ya wiki, hadi yule wa mikono. Waliongea mbele yake kama zamani, mabega yamefungwa vitambaa, na simu zao ziliita na kumwagika na kuita tena. Wizara ilitoa tangazo jipya kwamba unyevunyevu ungeendelea. Mumewe alipewa fomu nyingine, kwa kuwa ile haki ya namba moja ilikuwa bado yake, na akatakiwa achague mtu. Aliuliza ukoo wote. Kaka zake walikataa, shangazi alikataa, mama yake alimwambia asimletee balaa. Akairudisha fomu tupu, wakaipokea. Kila asubuhi alikwenda kurudisha maji baharini. Fundi aliendelea kumwekea chakula na kukaa mbele yake, na kwa siku nyingi walichoongea kilikuwa chumvi imekolea au haijakolea.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, simu iliita kutoka namba ya mezani. Fundi akafunga kitambaa, mama mkwe akaleta beseni, fundi akapokea.

"Dada," mwalimu akasema.

Fundi akashika meza. Akasubiri maji. Hayakuja. Akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Ilikuwa kavu kabisa.

"Uko wapi? Huko simu zenu hazitoi maji?"

"Hapa hazitoi. Hakuna haja, dada. Wako hapa hapa." Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini imetulia. "Nimepewa dakika tano. Ijumaa nasomewa mashtaka. Naomba suruali na shati, nguo nilizokuja nazo zimechanika."

"Nitashona. Alhamisi zitakuwa tayari."

"Wewe? Alhamisi hii?"

"Nimesema nitashona," fundi akasema. Akavuta daftari, akatoa penseli. "Nitajie vipimo vyako."

"Si unavijua."

"Navijua vya zamani. Nitajie vya sasa."

"Urefu ule ule," mwalimu akasema. "Kiuno thelathini na mbili."

Fundi akaandika thelathini na mbili. Hapo ikasikika sauti nyingine, ya mwanamume mtu mzima, karibu kabisa na simu, sauti isiyo na ubaya wowote.

"Mwambie dada yako ukweli, mwalimu. Ishirini na nane."

Fundi akafuta, akaandika ishirini na nane.

"Ahsante," akasema.

"Haya, fundi," sauti ile ikajibu. "Endelea. Mabega."